Chumba Chenye Friji

Riruta, mkesha wa safari yako

Nekesa mwanangu, mama yangu mdogo,

Uko kwa Mama Brayo unasukwa, na kwa urefu wa hizo rasta ulizochagua najua hutatoka huko kabla jua halijazama. Mama yako ameenda soko la Kawangware kukutafutia dagaa wa omena wa kubeba, ingawa nimemwambia mbwa wa uwanja wa ndege wa Wajerumani watalishangilia hilo sanduku. Nimebaki mezani peke yangu. Naandika kwa kalamu na karatasi kwa sababu nikikuandikia kwenye simu utanirudishia kile kidole gumba cha njano, na hili silo jambo la kujibiwa kwa kidole gumba.

Jumapili, tukitoka kanisani, uliniuliza: "Baba, nikishaenda, chumba yangu mtaiweka kwa app?" Nikajifanya natafuta chaja. Chaja ilikuwa mkononi mwangu. Ukacheka kidogo, ukatangulia na mama yako, na kile kicheko hakijaniacha tangu siku hiyo. Barua hii ndiyo jibu langu. Ila unanijua baba yako: hata nikienda Karen sharti nipitie River Road kwanza. Nivumilie.

Habari za sweta, pasipoti na kupiga simu ukifika sitaziandika. Mama yako amezisema zote, na kesho garini atazirudia kama rozari.

Wiki iliyopita ulinionyesha kwenye simu mtaa utakaokaa wakati unasomea uuguzi. Ulitembea kwa kidole kutoka stesheni ya treni mpaka hosteli. "Hapa ni bakery, Baba. Hapa nakata kona. Mlango yetu ni hii ya kijani." Ulijua hata mapipa ya taka yanakaa upande gani. Ukaniambia, "Yaani ni kama nimeshaenda." Nilifurahi, na palepale nikahuzunika, nikashindwa kukueleza kwa nini. Ngoja nijaribu.

Mimi nilipoingia Nairobi mara ya kwanza kutoka Bungoma, ramani yangu ilikuwa maneno ya binamu yangu Mukhisa: "Shuka Riruta, pale palikuwa na kinyozi, halafu uulize kwa Mukhisa." Palikuwa na kinyozi, wakati huo hapakuwa tena. Unajua Wanairobi tunavyoelekezana kwa vitu vilivyobomolewa. Nikashuka kando ya Naivasha Road na begi langu, nikawa natafuta kitu kisichokuwapo. Kwenye kibanda cha mboga palikuwa na msichana anakatakata sukuma wiki. Nikamuuliza. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Sasa wewe, unaniuliza njia ama unanikatia?" Nikaapa ni njia tu, simtongozi. Kesho yake nikarudi kuuliza tena, ingawa nilikuwa nimeshafika. Kesho kutwa vilevile. Msichana huyo ndiye sasa yuko Kawangware anabishana na wauza omena. Ningekuwa na ramani kwenye simu, mwanangu, wewe usingezaliwa.

Sikuambii uitupe simu. Ningekuwa mnafiki mkubwa, maana simu ndiyo iliyotulisha. Kabla hujaanza shule nilikuwa dereva wa watalii. Nawachukua hotelini, nawapeleka kuona wanyama, nawarudisha wamejaa vumbi na furaha. Kila kitu walikuwa wakiniuliza mimi: ndege yule anaitwaje, simba yuko wapi, choo kiko wapi. Halafu taratibu wakaanza kuniambia wao. "Simba yuko kule, kuna mtu ametuma picha sasa hivi." Tunakimbia, tunakuta magari yamemzunguka mnyama wa watu kana kwamba ni bibi harusi. Kampuni ikapunguza madereva, na jina langu likawemo.

Ndipo tukasikia habari za ule mtandao unaokutanisha wageni na wenyeji. Wageni wa siku hizi hawatoshelezwi na kutazama. Wanataka kuonja, kupika, kuishi kama sisi, japo kwa saa chache. Wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa. Ulinipiga picha nje ya geti nikiwa na shati la kitenge la kuazima, tukaandika juu yake: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na kweli mwenyeji alipona. Karo yako ilitoka hapo, na masomo yako ya Kijerumani ulisomea kwenye simu hiyohiyo. Shukrani hiyo sitaificha.

Nilikuwa nakutana nao katikati ya jiji. Nawatembeza River Road kwa mafundi wa redio na wauza mbegu, halafu tunaingia Biashara Street kwa Mzee Kanti, yule Mhindi muuza vitambaa aliyekuwa akikupa peremende ukiwa mdogo. Unakumbuka desturi yake. Mtu akikaa kwenye benchi lake la ndani, anapewa chai ya iliki, anunue asinunue. Mgeni wangu mmoja akairusha video ya ile chai. Baada ya hapo watu wakaanza kuja wenyewe, simu zimetangulia kama tochi, wanaulizia chai ya kwenye video. Siku moja Mzee akanivuta pembeni. "Wafula bhai," akasema, "chai ni ya mtu anakaa. Hawa hawakai. Wanapiga picha kikombe, wanaiacha imejaa." Nilipopita tena benchi halikuwapo, pale pamepangwa marobota ya vitambaa. Hakunikasirikia, na salamu zetu hazikupungua. Mimi nikaendelea kupita na wageni, nikiwaambia kwamba hapa palikuwa na benchi.

Ningekuwa na akili ningejifunza pale. Lakini kuona kosa mlangoni kwa mwingine ni rahisi, la kwako unalikalia kama mto.

Ziara iliishia hapa nyumbani, mama yako akiwafundisha kusukuma chapati. Wengi walikuwa wamepanga nyumba Karen kwa matajiri, zenye nyasi na mbwa wakubwa, wakaja Riruta kuona maisha halisi. Mama yako alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu: "Kwani huko Karen watu hawaishi? Ama wanaigiza?" Kumbe waliokuwa wanajiandaa kuigiza ni sisi.

Ilianza na mgeni mmoja aliyeandika kwamba chakula ni kitamu na watu ni wakarimu, lakini kwa bahati mbaya nyumba ina friji kubwa na televisheni, kwa hiyo hakuipata ile hali aliyoifuata. Akaninyima nyota moja. Nyota moja tu, Nekesa, nami nilitembea nayo kifuani kama kibanzi. Nilimwita Kevo wa jirani, tukaibeba friji, tukaiingiza chumbani mwako. Televisheni ikafuata. Kisha jiko la gesi. Siku za wageni mama yako akawa anapulizia makaa mpaka machozi yanamtoka, na wageni wanapiga picha moshi. Nyota zikarudi zote.

Kwa hiyo kila kilichokuwa chetu kweli kikahamia kwako. Ulikuwa unasoma Kijerumani kitandani, friji inanguruma sikioni, gesi iko miguuni, televisheni imekuangalia kama mwalimu wa zamu. Uliwahi kutania kwamba siku ya mtihani utajibu kwa lugha ya friji. Tulicheka wote. Hukulalamika hata mara moja, nami nikachukua ukimya wako kuwa ridhaa. Watoto wema mna kasoro hiyo, mnatuacha wazazi tupotee bila kelele.

Nisiwaonee wageni, maana wengi walikuwa watu wema. Yule mama wa Kikorea unamkumbuka. Alikuja peke yake, hajui Kiingereza cha kutosha, akaweka simu mezani katikati ya unga iwe mkalimani. Ile simu ilizungumza Kiswahili cha kitabuni mpaka mama yako akaiita Bi Mkubwa. Lakini kupitia hiyo walielezana jinsi mama zao walivyofariki, mmoja huku, mwingine kule ng'ambo, na wote wawili wakalia juu ya chapati. Sikuwahi kuona kitu kama kile katika miaka yangu yote ya udereva. Baadaye alikwenda kutafuta choo, akafungua mlango usio wake, akakukuta wewe na friji yako. Tulisikia mnacheka. Alikaa nawe muda mrefu, mkila viazi baridi vya jana, na alipoaga aliniandikia kwamba saa yake nzuri kuliko zote ilikuwa nyuma ya ule mlango. Nilisoma, nikatikisa kichwa, nikasema huyu mama ana vituko. Angekuwa amenipiga kofi ningeelewa haraka zaidi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Nilikuwa nimekukataza kuingia ovyo wageni wakiwa wanarekodi, ukiwa na hizo spika zako za masikioni na jaketi la mtumba lenye maandishi. Siku hiyo ulitoka darasani kukiwa na mvua. Ndani tulikuwa na wageni, mmoja amemwelekezea mama yako simu, na chapati iko juu ya kikaango. Nikasikia sauti mlangoni ikisema, "Hodi?" Ilikuwa sauti ya kungoja, ya mtu asiye na uhakika kama atapokelewa. Nikadhani ni jirani. Nikaitikia kwa sauti ya kazi, "Karibu!"

Ukaingia wewe.

Ulikuwa umelowa, umekumbatia vitabu. Wageni wakauliza huyu ni nani na amesema nini. Ningalipaswa kuinuka nikuletee taulo. Badala yake nikawaeleza, kwa ile sauti yangu ya garini, kwamba kwetu mtu haingii nyumba bila kubisha hodi, na kwamba mtoto analelewa hivyo. Wakafurahi sana. Yule mwenye simu akasikitika kwamba hakupata mwanzo. Na mimi, baba yako, nikakuomba utoke urudie.

Ulinitazama kidogo. Ukatoka, ukarudi mvuani, ukasema hodi mara ya pili, na mara hii ukatabasamu kwa ajili ya simu.

Baada ya siku chache maoni yakaja, yametafsiriwa na simu kwa Kiswahili cha Bi Mkubwa: "Hata binti wa nyumba anaomba kibali cha kuingia. Utamaduni wa heshima kubwa." Nyota tano. Nikamsomea mama yako kwa sauti, nikingoja asifu. Aliweka sufuria chini polepole. "Wafula," akasema, "mtoto wa nyumba hapigi hodi. Hodi ni ya mgeni." Nikamwambia ulikuwa mchezo tu. Akasema, "Basi muulize yeye kama alikuwa anacheza." Sikukuuliza. Nilijua jibu, ndiyo sababu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusikiliza ukiingia. Ulianza kukohoa ukifika mlangoni. Siku nyingine unatikisa funguo kwanza. Hata jioni zisizo na mgeni yeyote, tukiwa watatu tu na ugali wetu, unatikisa funguo. Labda wewe mwenyewe hujui kwamba unafanya hivyo. Mimi najua, na kila zinapolia najisikia vibaya.

Na bado sikukoma. Ulipopata barua ya kukubaliwa Ujerumani, ule mtandao nao ukaanza kuniuliza kama nina chumba cha ziada. Sijui mtandao ulijuaje, hivi vitu vinanusa. Ukiwa darasani nikaingia chumbani kwako, nikatandika kitanda chako vizuri, nikasogeza viatu vyako uvunguni, nikapiga picha moja kutoka dirishani. Nilisahau kwamba picha zangu zinaingia kwenye simu yako, kwa sababu ni wewe uliyeziunganisha ili nisizipoteze. Ndiyo maana uliniuliza Jumapili. Ulikuwa umeshaiona. Uliona kitanda chako kimepambwa kwa ajili ya mtu mwingine, na wewe bado hujafunga hata sanduku. Mwanangu, naona haya.

Kuna methali uliyofundishwa shuleni ukarudi ukiniimbia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeifikiria sana katika kazi hii. Wageni wangu hawajawahi kufika siku ya tatu. Wanapewa jembe saa ya kwanza, wanalishika kwa picha, wanalirudisha. Siwalaumu, likizo yao ni fupi na dunia ni kubwa. Lakini nimekuja kuamini kwamba nyumba ya watu inaanzia kwenye lile jembe la siku ya tatu, siku wanapochoka kukutabasamia, wakakuachia vyombo uoshe.

Wewe kule unakwenda kupita siku ya tatu. Mlango wa kijani umeshauona, lakini nani anakaa nyuma yake, anaamka na hasira gani, anacheka nini, simu haijui. Siku za mwanzo watakukaribisha sana na utanipigia kuniambia ni watu wazuri ajabu. Baadaye kidogo mmoja atakukaripia kwa sababu umetupa chupa kwenye pipa lisilo lake, na utataka kulia. Usilie sana siku hiyo. Ndiyo wameanza kukupa jembe.

Na watakuuliza mambo. Watakuuliza kama kwetu tunapikia kuni, kama simba wanapita barabarani. Wengine watauliza kwa upole mkubwa, na utaona machoni mwao jibu wanalolitamani, na kwa vile una moyo wa kupenda watu wafurahi, moyo ulioutoa kwangu, utashawishika kuwapa. Nakuomba, usifiche friji. Waambie tuna friji, ina kelele, na ulisomea Kijerumani pembeni yake. Atakayekupunguzia nyota kwa hilo mwache aende nayo.

Mimi pia nina siku yangu ya tatu. Asubuhi hii, ulipotoka tu kwenda kusukwa, nimemwita Kevo. Amekunja mikono ya shati. Tumeibeba friji kutoka chumbani mwako, tumeirudisha jikoni, na ukuta uliokuwa nyuma yake umebaki na alama nyeusi ambayo nitaipaka rangi. Televisheni imerudi sebuleni. Gesi imerudi mahali pake, na mama yako ameipikia chai ya saa nne huku akiimba, jambo ambalo sijalisikia jikoni humo kwa muda mrefu. Ile picha nimeifuta. Mtandao ulipouliza tena kama nina chumba cha ziada nimebonyeza hapana. Ukaniuliza kama nina uhakika. Nimebonyeza ndiyo, kwa nguvu hata kioo kikalia.

Wageni wataendelea kuja. Maisha hayasimami, na kusema kweli nawapenda. Watakula chapati za gesi. Mmoja ataandika kwamba hakuipata ile hali, na mimi nitasononeka kidogo, kisha mama yako atanicheka na itaisha. Na kesho kutwa, baada ya kukusindikiza, nitapita kwa Mzee Kanti bila mgeni yeyote. Nitakaa juu ya marobota nione kama chai bado ipo.

Chumba chako kitabaki na kitanda chako na viatu vyako vibaya vya mpira. Sasa kimekuwa kimya mno bila friji. Nimesimama humo dakika chache nikaona bora nije niandike.

Nasikia geti. Ni mama yako, namjua kwa jinsi anavyolisukuma kwa kiuno, mikono imejaa mizigo. Nitaikunja barua hii niiweke chini ya sweta zako, uikute huko mbali nitakapokuwa siwezi kujifanya natafuta chaja.

Nina ombi moja tu, mama. Siku utakayorudi, iwe ni likizo, iwe umechoka nao, iwe umekuja na mtu wa kutuonyesha, unaweza kukuta sebule imejaa wageni na simu zao zote zimeinuliwa. Usikohoe. Usitikise funguo. Usipige hodi. Sukuma mlango, pita katikati yao na viatu vyako vya matope, ufungue friji uangalie kuna nini cha kula.

Baba yako,
Wafula